Siku Wasichana Arobaini na Mmoja Walipogeukia Ukuta

Mheshimiwa Hakimu wa Mahakama ya Watoto, Bwana Mkurugenzi na maafisa wote wa Idara ya Watoto mliofuatana naye, Bi. Meneja wa makao haya; Chifu wetu; viongozi wa dini; wafanyakazi wenzangu; wazazi mliotoka Mathare, Kariobangi, Umoja na kwingineko; mume wangu Mutisya, uliyeacha usukani leo ukakubali kuvaa tai; na ninyi wasichana mlioketi mbele yangu kwenye mikeka, ambao hamkuitwa kwenye orodha ya wageni kwa sababu hapa ni kwenu, hata kama hamkupachagua: nawasalimu nyote, na ninawakaribisha.

Kwa wasionijua, mimi ni Nthoki Mutisya, muuguzi wa makao haya ya mahabusu ya wasichana kwa miaka ishirini na sita, na ikifika saa kumi jioni ya leo nitakuwa muuguzi mstaafu. Msimamizi wa sherehe ameniomba niwaeleze mafanikio yangu. Ombi hilo nimekaa nalo wiki nzima nyumbani kwetu mtaa wa Tena, karatasi mezani na kalamu mkononi, nikiandika na kufuta, kuandika na kufuta, mpaka Mutisya akaniuliza kama ninaandika hotuba au wosia. Sababu ya kufuta ni moja. Jambo kubwa kuliko yote niliyoyaona ndani ya ukuta huu sikulifanya mimi. Lilifanywa na watoto, nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikitazama. Mkiniruhusu, nitasimulia hilo, na mafanikio yangu yatafute siku nyingine.

Nitawataja wasichana wawili kwa majina, Whitney na Kavinya. Ni watu wazima sasa, na wote wawili wako hapa. Niliwaomba ruhusa mmoja mmoja. Whitney alinijibu, "Sista, sema yote." Kavinya alifikiri kidogo, kisha akasema, "Sema, lakini usinifanye malaika." Nitajitahidi, Kavinya.

Ilikuwa Julai, miaka minne iliyopita, katika baridi ile ya Nairobi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Whitney Owino aliletwa siku ya Jumatatu kutoka mahakamani. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mkazi wa Mathare, ameshtakiwa kuiba simu katika soko la Kariobangi. Nilimpokea kama nilivyowapokea mamia kabla yake. Nilimpima uzito, nikamtazama macho na ulimi, nikachukua fomu, nikamsomea maswali. Swali la tisa linasema: je, unatumia dawa za kulevya? Akasema hapana. Nikatia alama kwenye hapana, nikaendelea na la kumi.

Naomba niulize, ndugu zangu: ni mtoto gani aliyetoka kizimbani asubuhi hiyo, anayeogopa kila neno lake litarudi kwa hakimu, atakayemjibu ndiyo mwanamke mwenye sare na kalamu? Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa nimeuliza swali hilo, na kwa miaka ishirini na miwili karibu kila mtoto alikuwa amenijibu hapana, nami nikafunga faili nikiamini nimefanya kazi.

Jumanne, Whitney akaanza kutetemeka. Alitoka jasho wakati wenzake wamejifunika mablanketi. Nikampima joto, hakuna homa. Nikampima malaria, hakuna malaria. Nikampa dawa ya maumivu ya kichwa. Jumatano akakataa chakula, akamtukana mama wa bweni, akaupiga ukuta kwa viganja mpaka vikavimba. Mama wa bweni akasema ni mapepo. Mimi ni mtu wa sayansi, kwa hiyo sikusema mapepo. Nilifanya vibaya zaidi. Niliandika kwenye kitabu, kwa mwandiko wangu huu mnaoujua: "Hana ugonjwa. Ni kiburi."

Sasa niwajulishe Kavinya Muthama. Alikuwa na miaka kumi na sita, ameletwa kwetu mara ya pili, mtoto wa Kariobangi aliyekuwa amevuta gundi tangu akiwa na miaka kumi. Alikuwa na sauti ya kuamrisha, na hakuna fujo iliyotokea katika makao haya mwaka ule ambayo jina lake halikuwamo. Na nitasema ukweli mwingine usiopendeza. Kavinya ni Mkamba kama mimi. Badala ya kumhurumia kwa hilo, nilikuwa mkali kwake kuliko kwa wengine wote, kana kwamba alikuwa ameniaibisha mimi na mama yangu na kijiji chetu kizima.

Jumatano hiyo alisimama kwenye foleni ya dawa, na hakuwa mgonjwa. Alipofika mbele yangu akainama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista, hiyo si malaria. Huyo dem alikuwa anameza bugizi kila siku, na sasa zimekatika mara moja. Hiyo ni arosto. Siku ya tatu ama ya nne ndiyo huwa mbaya. Usimwache pekee yake."

Bugizi ni zile tembe za usingizi zinazouzwa vichochoroni. Arosto ni mateso yanayomshika mtu dawa zinapokatika mwilini. Maneno yote mawili nilikuwa nikiyasikia mitaani. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na anayeniambia alikuwa Kavinya. Nikamuuliza kwa sauti, wote wasikie, "Tangu lini wewe ukawa daktari?" Wasichana wakacheka. Kavinya hakucheka. Aliniangalia, akatoka kwenye foleni, akaenda.

Kavinya, nilikudhalilisha mbele ya watu, na aibu ya mbele ya watu haiombewi msamaha chumbani. Kwa hiyo leo, mbele ya Hakimu na Mkurugenzi na mume wangu, ninasema nilikosea. Ulijua, nami sikujua. Nisamehe.

Alhamisi ikafika. Saa saba mchana, wasichana wako ukumbini wanakula ugali na sukuma, nami niko stoo nikihesabu chupa za dawa. Nitakayosema sasa nimeelezwa na mpishi wetu, Mzee Bwire, yule pale anayejificha nyuma ya sufuria zake, na wasichana waliokuwepo. Whitney alikuwa amesukumwa mezani ale kwa lazima. Akainua kikombe, kikombe kikaanguka, naye akaanguka baada yake, mwili umekakamaa, macho yamepinduka, akaanza kurusha miguu na mikono sakafuni katikati ya mabenchi.

Mnajua ukumbi hufanya nini mtu anapoanguka hivyo. Wengine walipiga kelele, wengine wakapanda juu ya meza ili waone vizuri. Mzee Bwire alikuja mbio na kijiko, kama tulivyofundishwa na bibi zetu, ili amtie kinywani asijing'ate ulimi. Kavinya akamshika mkono. "Mzee, hapana. Usimtie kitu mdomoni." Akalisukuma benchi la kwanza kwa mguu, akalisukuma la pili. Akavua sweta lake katika baridi ile, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha Whitney. Akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, polepole, bila kubabaika, kama mtu anayepima kitambaa. Mishtuko ilipolegea akamgeuza kwa ubavu, akamfuta povu kwa kiganja.

Hapo ndipo alipoona kwamba Whitney amejikojolea, na kwamba ukumbi mzima unatazama.

Akainua kichwa, akapaza ile sauti yake. "Geukeni! Kila mtu aangalie ukuta! Hii si sinema!"

Nami ndipo nilipofika mlangoni, pumzi imenikatika, nimeshika mkoba wa huduma ya kwanza. Na niliona nini? Niliona migongo. Wasichana arobaini na mmoja, waliokuja kwetu kwa wizi na kwa kupigana na kwa kuzurura na kwa kuuza vitu vya watu wazima, wasichana tuliokuwa tunashindwa kuwapanga mstari hata kwa filimbi, walikuwa wamesimama wameelekea ukuta, kimya, wengine wakiwa bado na tonge mkononi, na hakuna hata mmoja aliyechungulia. Katikati ya ukumbi, mtoto mmoja alikuwa amepiga magoti juu ya mtoto mwingine, akimwambia sikioni, "Uko sawa. Uko hapa. Uko na sisi. Usiamke haraka."

Kisha nikaona kitu nilichodhani ni utovu wa adabu. Msichana mdogo kuliko wote, Lorraine, wa miaka kumi na mitatu, alirudi kinyumenyume kutoka ukutani bila kugeuka, akapapasa mpaka akapata ndoo kubwa ya maji ya kunywa, akaipindua. Maji yakatapakaa ukumbi mzima, yakalowesha miguu ya kila mtu, yakaingia chini ya Whitney. Nilifungua kinywa kumgombeza. Halafu nikaelewa. Whitney alipofumbua macho na kupapasa gauni lake lililolowa, alikuta sakafu yote imelowa, na hakuna aliyekuwa mkavu.

Nani alimwambia Lorraine afanye hivyo? Nilimuuliza baadaye. Akainua mabega. "Hakuna mtu, Sista. Niliona tu vile ataskia vibaya."

Ndugu zangu, nimesoma chuo cha uuguzi. Nimekaa kwenye semina nyingi kuhusu utu wa mgonjwa, tukinywa chai na kuandika kwenye karatasi kubwa za ukutani. Siku ile nilisimama kwenye maji yale na viatu vyangu vyeupe nikajua kwamba sikuwa nimewahi kuuona utu wa mgonjwa ukilindwa namna hiyo.

Tulimpeleka Whitney hospitali na gari la makao. Daktari aliyempokea alieleza, kwa upole kuliko nilivyostahili, kwamba tembe zile hazikatwi kwa ghafla, kwamba mwili uliozizoea ukinyimwa mara moja unaweza kupata degedege na mtu akafa, na kwamba mgonjwa hupunguziwa kidogo kidogo akiangaliwa. Whitney alirudi kwetu baada ya siku tisa, amekonda, lakini hai.

Alasiri moja nilimwita Kavinya zahanati, nikafunga mlango, nikamwekea kiti. Nikamuuliza alijifunza wapi.

"Nilikuwa na beshte yangu, Clare," akasema. "Tulikuwa tunalala nyuma ya karakana za jua kali, huko Karioh. Siku moja mchana akaanguka hivyo. Tukadhani ni mashetani. Tukatoroka, Sista. Mimi nilitoroka. Tuliporudi alikuwa amekufa. Uso ulikuwa chini, kwa matope. Kama mtu angemgeuza tu."

Kavinya alikuwa na miaka kumi na miwili siku hiyo Clare alipoanguka.

Baadaye alisikia kwamba mmoja wa mafundi wa kuchomelea vyuma katika karakana zile, anayeitwa Simiyu, ana kifafa, na kwamba huwafundisha wote wanaofanya kazi karibu naye la kufanya akianguka. Kavinya alimwendea akamwomba amfundishe. Fundi akamfukuza, akidhani ni mwizi wa vyuma chakavu. Akarudi kesho yake. Akafukuzwa. Akarudi. Siku ya nne Simiyu alilala chini kwenye vumbi la karakana, akamwambia, "Haya, nigeuze." Akamgeuza. "Tena." Akamgeuza tena. Mtoto aliyekuwa amelewa gundi, anayetoroka polisi na kulala kwenye maboksi, alirudia somo hilo mpaka akalijua, kwa ajili ya rafiki aliyekwisha kuzikwa.

Nilimuuliza, "Sasa mimi nifanye nini, Kavinya? Nikiwauliza kama wanatumia, wote wananiambia hapana."

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mjinga. "Usiulize kama wanatumia. Uliza vile wanalala."

Basi. Nililifuta swali la tisa kwa kalamu yangu, bila ruhusa ya idara, na Bwana Mkurugenzi anaweza kuniadhibu kabla ya saa kumi akipenda. Mahali pake nikaandika: unalalaje? Na nikaomba anayeliuliza asiwe mimi, awe msichana mwenzake, kwa Kiswahili chao, kwenye benchi la nje. Kati ya wasichana tisa wa kwanza tuliowauliza, saba walisema hawalali. Mmoja alikuwa haoti isipokuwa moto. Mwingine alikuwa anakunywa chang'aa tangu darasa la nne ili asisikie mlango ukifunguliwa. Hawakuwa wanatafuta raha, waheshimiwa. Walikuwa wanatafuta usingizi.

Na Whitney? Kavinya alipomuuliza, alisema, "Silali mpaka nimeze. Mathe ako Saudia. Simu yake iliacha kuingia miezi nane sasa. Nikifunga macho namwona kwa sanduku."

Miezi minane mtoto anamwona mama yake kwenye jeneza kila anapofumba macho, na sisi tulimwandika kiburi.

Afisa wetu wa watoto, Bwana Abdiqadir, alishika simu siku hiyo hiyo. Alizungumza na ubalozi, na mawakala, na kikundi cha wafanyakazi wa Kikenya kule, kwa siku kumi na saba, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu chake cha madrasa, akikatiwa simu na kupiga tena. Siku ya kumi na nane alimpata Norah, mama yake Whitney. Alikuwa mzima. Mwajiri alikuwa amemnyang'anya simu. Tulimwita Whitney ofisini, tukaweka simu mezani, na sauti ya mwanamke ikatoka: "Whitney? Mtoto wangu, umekula?"

Whitney aliweka shavu lake juu ya simu, pale mezani, akabaki hivyo. Mama akazungumza peke yake, kuhusu chakula, kuhusu nywele, kuhusu shule, na mtoto akamsikiliza kwa ngozi ya uso. Alilala kwa saa kumi na nne baada ya hapo, na hakumeza kitu.

Ningependa kuishia hapo, lakini niliahidi. Kavinya hakuwa malaika. Aliachiliwa Novemba, na kabla ya Krismasi alikuwa amerudia gundi. Jumapili moja nikitoka kumtembelea mgonjwa Mathare nilimkuta amekaa kando ya daraja, chupa ndani ya mkono wa sweta. Akaificha. "Niaje, Sista," akasema, akitabasamu kwa midomo iliyokauka.

Nilikuwa na mahubiri tayari. Lakini nikakaa kando yake, nikamuuliza, "Unalalaje, Kavinya?"

Alilia mpaka watu wakasimama kututazama. Alipopata pumzi akaniambia, "Sista, hiyo swali hakuna mtu ashawahi niuliza."

Huyu ndiye msichana aliyetufundisha swali hilo, ambaye tulimtuma alipeleke kwa kila mgeni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kumuuliza yeye. Ningempeleka kwa nani? Jibu lilikuwa na Norah, ambaye mwezi huo alikuwa ameshafika nyumbani kutoka Saudia, na Whitney alikuwa ameachiliwa akaishi naye. Aliposikia, alisema maneno haya tu: "Aliyemgeuza mtoto wangu atalala wapi kwingine?" Kavinya alihamia katika chumba chao kimoja cha mabati. Aliirudia gundi mara mbili tena, na mara zote mbili Whitney na mama yake walikwenda kumtafuta wakamrudisha. Leo ana miezi kumi na minne bila gundi, amemaliza mafunzo ya wahudumu wa afya wa mtaa, na kila Alhamisi huja hapa kukaa kwenye benchi la nje. Whitney anashona nguo Kariobangi. Gauni hili nililovaa ni kazi ya mikono yake, na wale waliokuwa wakinong'ona kwamba limenipendeza, sasa mnajua pa kwenda.

Mheshimiwa Hakimu, ninakuheshimu na nimeona ukiwatetea watoto hawa. Faili wanazokuja nazo zina nafasi ya kosa, ya umri, ya jina la mzazi na la shahidi. Hazina nafasi ya usingizi. Ninaomba itafutwe. Bwana Mkurugenzi, muuguzi atakayenirithi hajaja, na mshauri nasaha tuliyeahidiwa hajaja. Wasichana hawa wamefanya kazi ya watu wazima kwa muda mrefu, na wameifanya vizuri kuliko sisi. Lakini ni watoto. Wapeni mtu.

Nimalizie na jambo la leo, maana sikutaka mwondoke mkidhani ninasimulia mambo ya zamani.

Saa nne asubuhi, wakati hema hili likisimamishwa, gari lilileta msichana mpya kutoka mahakamani. Alikataa kushuka. Alishika kiti, akatetemeka, akasema akiguswa atauma. Askari aliyemleta alikuwa tayari kumvuta. Wasichana wawili wa kwaya, waliokuwa wamekwisha kuvaa sare na wamefanya mazoezi mwezi mzima kwa ajili yenu, waliacha mstari bila kuomba ruhusa, wakafungua mlango wa upande wa pili, wakapanda, wakakaa naye. Mwalimu wa kwaya aliwaita. Hawakusikia, au walisikia. Kwa hiyo waheshimiwa, kama mlihisi kwamba wimbo wa kutukaribisha ulipungukiwa na sauti za juu, masikio yenu hayakukosea, na ninaomba msimlaumu mwalimu.

Nilipopita nikija hapa kuketi, gari lilikuwa bado pale nyuma ya jiko. Wote watatu walikuwa ndani. Mmoja alikuwa anasuka nywele za yule mpya, polepole.

Mmenipa masikio yenu na mioyo yenu, nami nawashukuru kwa vyote viwili. Zawadi na keki vinaweza kungoja. Zimebaki dakika arobaini kabla ya saa kumi, na mimi bado ni muuguzi wa makao haya. Niruhusuni nishuke jukwaani, niende nikaone kama ameshuka.